Gemu la Basi Lisilo na Konda

Vijana wa Lamadi wanaoendesha mabasi kwenye simu huendesha Indonesia. Gemu lenyewe ni Bus Simulator Indonesia, wenyewe hulifupisha Bussid, kazi ya kampuni ya Maleo iliyotoka mwaka 2017. Lamadi ni mji wa barabara. Lami ya kutoka Mwanza kwenda Musoma na Sirari inaupita katikati, na hapo hapo inachepuka ile ya Bariadi. Mtoto wa hapa huyatambua mabasi kwa honi kabla hajajua kusoma majina yaliyoandikwa ubavuni. Si ajabu basi kwamba gemu hili limewanasa. Ajabu ni kwamba tukikaa kujadili magemu tunajadili mpira na bunduki, na hili tunalipita kama basi la moja kwa moja linavyopita kituo kidogo.

Mimi nalipendekeza. Indonesia wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo mkono haupotei. Pikipiki zinakatiza, malori yanajikokota mlimani, na ile honi ya kuimba ambayo kule inaitwa telolet haihitaji mkalimani hapa kwetu. Uzuri mkubwa zaidi ni kwamba gemu limeacha mlango wazi: unaweza kulipaka basi michoro yako, na unaweza kuingiza magari yaliyotengenezwa na wachezaji wengine. Watanzania wamepita mlango huo na mabasi yao. Utaliona basi lenye rangi za kampuni unayoijua, maandishi yake ya kioo cha mbele na maneno yake ya nyuma, likikata kona za kisiwa cha Java. Aliyelichora amekaa na picha nyingi za basi halisi, akapima mstari wa rangi upinde wapi juu ya tairi la nyuma. Hiyo ni sanaa, ndugu yake mchoraji wa mageti na wa matenga ya malori. Nayo inapotea haraka, maana faili linahama simu hadi simu na jina la mchoraji linashuka njiani.

Lakini rangi tu ndiyo iliyo yetu. Safari si yetu.

Katika Bussid kazi yote ni ya usukani: toka stendi, fika stendi, pokea hela, nunua basi jingine. Nani kati yetu amewahi kusafiri hivyo? Basi la Mwanza–Sirari lina watu wawili wanaofanya kazi kwa wakati mmoja, na mgumu wa kuuelewa ni yule wa mlangoni. Konda anakumbuka nani kapanda Magu, nani kalipa nusu, nani anadai chenji. Kapewa bahasha ya mtu anayesubiri Bunda. Anabishana na mama kuhusu kuku: ni mzigo au ni abiria? Akifika Lamadi wauza maji, karanga na samaki wa kukaanga wanaparamia madirisha, na abiria ametoa noti ya elfu kumi wakati gari limeshaanza kusogea. Mbele kuna kibao cha 50 na trafiki mwenye tochi, na dereva wa gari linalokuja anawasha taa mara mbili kutoa taarifa. Ukitoka hapa kuelekea Bunda unapakana na Serengeti, na wanyama hawasomi vibao. Yote haya yana kanuni, yana hatari, yana faida na hasara, yana muda unaokwisha. Mtengenezaji hahitaji kubuni chochote. Anahitaji kupanda basi na daftari.

Wazo la kuweka usafiri wetu kwenye simu si geni. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kampuni ya Planet Rackus ya Kenya ilitoa Ma3Racer, gemu la kukimbiza matatu Nairobi, na hata jina lake ni utani ambao mtu wa mbali hawezi kuupata. Mwaka 2015, pale pale Kenya, Black Division Games ikatoa Nairobi X, mji unavamiwa na viumbe kutoka anga za mbali na wewe una bunduki. Yote mawili yatafute, ukipata simu au kompyuta ya kuyabeba. La kwanza nalipenda zaidi. La pili lina ujasiri, ila bunduki ni zile zile za kila gemu na Nairobi inakuwa pazia la nyuma. Laiti toleo la pili lingempa mchezaji mtaa wa kuulinda, wenye majirani wanaobishana naye.

Nadhani tumewakosea watengenezaji hawa kwa namna moja. Tuliwasifu kwa kuwa wa kwanza, magazeti yakaandika “la kwanza,” kisha tukanyamaza. Hakuna aliyewaambia kwa kirefu kipi kinachosha na kipi kirefushwe. Gemu la kwanza mtu hulitengeneza kwa ari yake. La pili anahitaji watu waliolicheza la kwanza wakalalamika. Maleo wao wanapata malalamiko kila siku na wanaendelea kutoa matoleo mapya (ambayo yanakula bando, lakini tunayashusha).

Mfano wa kutia moyo uko upande wa pili wa ziwa letu. Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, alitengeneza gemu la amani aliloliita Salaam, na mwanzoni lilienea kambini kwa Bluetooth. Mwaka 2018 The Game Awards ilimtambua kwa kazi yake. Hakuishia hapo, alilitengeneza upya, mchezaji akawa mkimbizi mwenyewe, anayekimbia na kuhitaji maji, chakula na dawa. Hicho ndicho ninachokiita toleo bora. Halikuhitaji milipuko zaidi, lilimsogelea mtu.

Kwa hiyo ombi langu kwa atakayejaribu, awe Mwanza, Nairobi au Jakarta: usianze na ramani kubwa. Nipe kilomita chache, Magu hadi Bunda. Nipe viti vichache na abiria wenye midomo. Usukani mwachie kompyuta ukitaka. Mimi niweke mlangoni, nikiwa na nauli za watu wanne mkononi, chenji ya mmoja, na yule mama wa kuku anasema hapa hapa, konda, nishushe hapa hapa.