Ile 13 ya mchezaji inatoka wapi?

Kwenye Football Manager, gemu la kuongoza timu, kila mchezaji ana alama za 1 hadi 20: kasi, pasi, umaliziaji. Vijiweni tunazibishania utadhani zimepimwa maabara. Wapi! Ni makadirio ya watu wanaotazama mechi.

Kila kipimo kina kosa lake, na ukitazama mara chache kosa linakua. Beki wa Liverpool ameshatazamwa mechi kibao. Winga aliyetokea Mvumi, Kilosa, hata akifika Ligi Kuu, huenda ametazamwa mara mbili tatu. Kwenye skrini wote wameandikiwa 13. Tena sifa ikiachwa 0 kwenye hifadhidata, programu inaijaza yenyewe kwa kubahatisha.

Utasema gemu huonyesha pia "8-13". Sawa, lakini hiyo ni shaka ya skauti wako ndani ya gemu. Nyuma yake namba moja imeshapangwa. Shaka ya aliyekadiria haionekani popote, na huo ndio udhaifu wake mkubwa.

Usiseme ni gemu tu. Mwaka 2008 Everton waliingia makubaliano ya kutumia hifadhidata hiyo kusaka wachezaji. Mbwana Samatta alitoka TP Mazembe kwenda Genk Januari 2016, na msimu wa 2018/19 akafunga mabao 23 kwenye ligi ya Ubelgiji. Yeye alitazamwa. Je, winga wetu akipewa 8 ya kubahatisha, nani atafunga safari kwenda kumtazama?