Maji Yatokee Hapa

Mvua ilikuwa bado haijakatika nilipomkuta. Wenzangu wa baiskeli walikuwa wamejibanza langoni wakingoja kuanuke, nami nilichoka kungoja nikaingia msituni kwa miguu. Mzee alikuwa amesimama peke yake katikati ya njia, gambuti miguuni na mwavuli mkononi, ameinamisha kichwa kama mtu aliyeangusha shilingi.

"Umepoteza nini, mzee?"

"Sijapoteza. Naangalia maji yanakokwenda."

Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya kazi yake ya kutengeneza njia za msitu, na haina chombo. Siku ya jua kila njia ni nzuri. Siku ya mvua utaona maji yanaingilia wapi, yanafuata mfuo gani, na mahali yanapokata tamaa yakawa dimbwi. Kila alipoona penye kasoro alivunja kijiti akakichomeka ukingoni. Tulipofika kwenye mteremko wa kuelekea mtoni nilikuwa nimehesabu vijiti kumi na moja.

Msitu wa Karura, kaskazini mwa Nairobi, una takriban hekta 1,000, na njia zake za baiskeli hupita chini ya mikinduri na mikaratusi juu ya ule udongo mwekundu wa nyanda za juu. Ukikauka ni vumbi linalopaka soksi rangi isiyotoka. Ukilowa hunata kwenye tairi kama ulimbo. Gurudumu likipita juu yake wakati huo huacha mfuo, na mvua inayofuata hukuta kitanda kimeshatandikwa. Maji hayaombwi mara mbili: huteremka na mfuo, yakibeba udongo, na masika mawili baadaye mizizi iko nje na njia imekuwa mtaro. Halafu tunakuja sisi. Tunaliona dimbwi, tunalikwepa kwa kushoto. Kesho mwingine analikwepa kwa kulia. Dimbwi moja likazaa njia tatu. Nimefanya hivyo mara nyingi, tena nikijiona mstaarabu.

Baada ya mvua kukoma alikaa siku mbili bila kugusa kitu. Tope halichimbwi, alisema, hukandwa tu. Na udongo mkavu ukiushindilia hauungani. Asubuhi ya siku ya tatu alichukua konzi ya udongo, akaifumbata, akafumbua mkono. Donge lilibaki na alama za vidole vyake. Akalibonyeza kwa gumba, likapasuka vipande viwili visafi. Ndipo alipokwenda kuchukua vyombo: jembe, sururu, sepetu, reki, panga na karai moja kuukuu la kubebea mawe.

Alianza na reki, akiondoa majani hadi udongo wenyewe uonekane. Kisha akaushughulikia ukingo wa chini. Hapa ndipo nilipoanza kuona nisichokuwa nimewahi kukiona kwa miaka yote niliyopita hapo. Tairi husukuma udongo pembeni kidogo kidogo, na baada ya muda ukingo wa chini huota kituta kisichozidi unene wa mkono wa mtoto. Kituta hicho tu kinatosha kuyafungia maji njiani. Mzee alikikata kwa jembe, mapigo mafupi, akiuvuta udongo kuelekea kwake badala ya kuutupa. Mzizi mnene wa mkinduri ulipotokea aliweka jembe chini, akapiga magoti, akauchakura pembeni kwa vidole hadi akauzunguka. "Huu ndio umeshika njia yote," alisema. "Ukiukata, utakuja kuchimba tena hapa hapa."

Kituta kilipokwisha aliuinamisha uso wa njia kuelekea nje, ili maji yavuke njia badala ya kutembea nayo. Kwa kila mita moja ya upana, ukingo wa chini uwe chini ya ule wa juu kwa sentimita tano hivi. Ikizidi hapo baiskeli huteleza. Ikipungua maji hayaendi. Pimamaji hakuwa nayo. Alilaza chupa ya plastiki yenye maji nusu juu ya ubao, akaangalia mstari wa maji, akakwangua kidogo, akaangalia tena. Nilimwona akirudia mahali pamoja mara saba. Mara ya nane akaitia chupa mfukoni bila kusema kitu.

Mteremko ukiwa mrefu, kuinamisha peke yake hakutoshi, kwa sababu baiskeli zitachimba mfuo mwingine. Hapo huchimba bonde. Alilijifunza akiwa mvulana kule Machakos, kwenye matuta ya fanya juu: mkulima huchimba mfereji kwa kukingama na mlima, akatupa udongo upande wa juu, tuta likazuia maji na udongo wa shamba usihame. "Shambani nataka maji yabaki," alisema. "Hapa nataka yatoke. Kwa hivyo nafanya chini." Na kweli alichimba mshazari, akiutupa udongo mbele, upande wa chini wa njia, ukawa nundu. Bonde lilikuwa refu kama hatua nne, nundu hatua nyingine tatu, vyote viwili vimelainishwa kama wimbi, maana mwendesha baiskeli akiona kizuizi atakizunguka. Mdomo wa kutokea maji aliupanua zaidi ya bonde lenyewe ili majani yasiuzibe, na akapanga mawe chini yake maji yasije yakachimba yanapoangukia. Kila jiwe aliligeuza mkononi akatafuta tumbo lake, akalifukia hadi theluthi moja tu ikabaki juu.

Kushindilia kulichukua muda mrefu kuliko kuchimba. Tabaka la udongo, kiasi cha kiganja, kisha mgongo wa sepetu. Tabaka jingine, kisha miguu yake mwenyewe, kisigino kwa kisigino, polepole, kama mtu anayepima kiwanja. Nilijitolea kusaidia. Alinitazama nikirukaruka juu ya nundu, akaniacha nimalize, kisha akarudia sehemu yangu yote.

Kijiti cha tisa hakukitengeneza. Hapo njia ilishuka mlima moja kwa moja. Mafundi wa njia hizi duniani wana kanuni yao, iliyoenezwa na chama cha kimataifa cha waendesha baiskeli za milimani kilichoanzishwa Marekani mwaka 1988: mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa mlima inaoukata. Mlima wa asilimia 20, njia isizidi 10. Ikizidi, maji hayana sababu ya kuvuka, yatateremka nayo. Mzee hakuitaja kanuni hiyo. Alisema tu, "Hii haina dawa," akaifunga kwa matawi makavu, mengine ameyasimamisha ili jicho la mpita njia lisione upenyo, kisha akachora njia mpya ubavuni kwa ncha ya panga. Kuichimba ni kazi ya wiki nyingine.

Tukiwa tumekaa kwenye gogo, nilimwuliza sisi wenye baiskeli tumsaidie vipi. Alifikiri. "Ukipita, geuka nyuma. Ukiona alama ya tairi imezama, rudi nyumbani. Na dimbwi ukilikuta, pita katikati."

Mvua ilinyesha Alhamisi. Nilimkuta kwenye kijiti cha kwanza, chini ya mwavuli ule ule. Aliokota jani la mkinduri akaliweka juu ya maji sehemu ya juu ya mteremko, tukalifuata taratibu. Liliteremka hatua kumi hivi, likaingia bondeni, likazunguka mara moja kana kwamba linasita, kisha likapinda kushoto, likapita juu ya mawe na kupotelea vichakani. Ng'ambo ya nundu njia ilikuwa imelowa tu.

Mzee aliinama akaokota jani jingine, akashika njia kuelekea kijiti cha pili.