Idhini ya Kupiga Sinema Mwambaoni: Mafunzo ya Maya Bay na Skellig Michael

Mtu aombaye idhini ya kupiga sinema katika mwambao uliohifadhiwa aghalabu hudhani kuwa shughuli imekwisha pindi karatasi itiwapo sahihi na muhuri. Lakini ukizitazama kwa makini idhini mbili zilizozusha mjadala mkubwa, moja ya Thailand na nyingine ya Ireland, utaona kuwa sahihi ndiyo sehemu nyepesi kabisa, na kwamba uzito wote umo katika masharti: yamefungwa juu ya kitu gani, yanasimamiwa na nani, na yana uwezo wa kuizuia kazi wakati gani.

Tuanze na Thailand. Mwaka 1999 kampuni ya 20th Century Fox ilipiga sinema ya The Beach, iliyoongozwa na Danny Boyle, katika ghuba ya Maya, kisiwani Phi Phi Leh, mkoani Krabi, ndani ya hifadhi ya taifa. Idara ya Misitu ya Kifalme ilitoa idhini, na msingi wa idhini ile ulikuwa dhamana ya fedha: kampuni iugeuze ufuko kwa kadiri ya haja ya mchezo, kisha irudishe kila kitu mahali pake. Basi mimea ya asili ikang'olewa, matuta ya mchanga yakasawazishwa, na minazi ikapandikizwa, ili ufuko ufanane na pepo iliyomo katika fikira za watazamaji.

Hapo ndipo hesabu ilipokosewa, kwa sababu tuta la mchanga halisimami kwa uzito wake bali hushikwa na mizizi iliyosokotana ndani yake kwa miaka mingi, na mche uliorudishwa shimoni hauna mizizi ya namna hiyo. Zilipofika pepo za kusi, zile zile tuzijuazo sisi wa upande huu wa Bahari ya Hindi, mchanga ulimomonyoka; kampuni ikazitupia lawama dhoruba, na wapinzani wake wakazitupia lawama tingatinga. Serikali za mitaa za Krabi zilifungua shauri mwaka ule ule, zikidai bahti milioni 100, na shauri hilo halikupata tamati mpaka Septemba 2022, Mahakama ya Juu ilipothibitisha wajibu wa kuukarabati ufuko, ilhali kampuni ilikuwa imeridhia kutoa bahti milioni 10. Dhamana ya namna hii ni sawa na kumwekea mwenye shamba bei ya mnazi kabla ya kuukata: fedha ipo, lakini kivuli hakipo. Tena hakuna sharti lililofikiria athari za sinema yenyewe baada ya kuonyeshwa, nayo iliwavuta watalii waliofikia 5,000 kwa siku, hata serikali ikalazimika kuifunga ghuba kuanzia Juni 2018 hadi Januari 2022.

Kisa cha Ireland ni cha namna nyingine. Skellig Michael ni jabali lenye kimo cha meta 218, lililo yapata kilometa 12 kutoka pwani ya Kerry, na juu yake watawa wa Kikristo wa zama za kale walijenga vibanda vya mawe yaliyopangwa bila chokaa, vyenye umbo la kuba, na ngazi zenye vidato zaidi ya 600. UNESCO ililiingiza jabali hili katika Urithi wa Dunia mwaka 1996. Lakini ugumu wake hasa unaonekana ukiinama karibu ya ukuta: katika nyufa za mawe yale yale ya watawa hutaga ndege wadogo wa baharini waruka usiku, na katika udongo ulio kando ya njia ndege waitwao pafini huchimba mashimo ya kulelea makinda, mashimo ambayo unyayo mmoja uliopotoka waweza kuyabomoa. Kwa hiyo majengo ya kale na viumbe hai havitengani, na mlinzi mmoja hatoshi. Mtaalamu wa mambo ya kale na mtaalamu wa ndege hawana budi kusimama pamoja.

Kampuni ya Lucasfilm ilipopewa idhini ya waziri kupiga sehemu ya sinema ya The Force Awakens mnamo Julai 2014, wasimamizi wa namna hiyo walikuwako jabalini. Hata hivyo Julai ni majira ya makinda, na upepo wa helikopta uliwapeperusha makinda wa shakwe wadogo waitwao kitiwaki kutoka viotani mpaka baharini, ambako waliliwa na shakwe wakubwa. Wahifadhi wakalalamika, na Kituo cha Urithi wa Dunia kikataka maelezo. Fundisho likapatikana: watayarishaji waliporudi kwa ajili ya sinema iliyofuata, The Last Jedi, walipiga Septemba 2015, pafini wakiwa wamekwisha kuondoka. Kisha mwaka 2016 wakajenga mifano ya vibanda vile Ceann Sibéal, katika rasi ya Dingle, na sehemu kubwa ya kazi ikahamia huko, pasipokuwa na jiwe la kale la kukanyagwa.

Ukipima masharti haya yote kwa nguvu yake, utakuta dhamana ya fedha ndiyo dhaifu kuliko yote, maana huanza kufanya kazi baada ya madhara. Msimamizi ni bora kuliko fedha, ila jicho lake huona kinda likianguka wala haliwezi kulidaka. Kalenda ni bora kuliko msimamizi, kwa kuwa humwondoa kinda hatarini kabla mashine haijawashwa. Na bora kuliko kalenda ni mahali pa badala.

Basi mtayarishaji mwerevu huanza ombi lake kwa kueleza ni picha zipi haziwezi kupigwa popote pengine, na huwa chache. Hizo huzipangia majira yasiyo ya kutaga wala ya dhoruba, kwa watu wachache na vyombo vya kubebeka mkononi. Zilizobaki huzihamishia nje ya hifadhi. Na afisa mwenye muhuri, kabla ya kuuliza kiasi cha dhamana, amuulize mwombaji swali moja: ni nani, saa ile ya kazi, atakayekuwa na mamlaka ya kusema acheni, na kazi ikaachwa? Ombi lisilo na jawabu la swali hilo lirudishwe kwa mwenyewe, hata likiwa na fedha nyingi namna gani.