Anna Odell Darajani: Jaribio Bila Kibali

Tuanze na tukio lenyewe. Tarehe 21 Januari 2009, kwenye daraja la Liljeholmsbron mjini Stockholm, Sweden, mwanamke mmoja alikuwa katika hali ya mtu aliyerukwa na akili na anayetaka kujirusha majini. Wapita njia wakajaribu kumsaidia. Polisi wakaja, akapambana nao, wakampeleka kwenye dharura ya wagonjwa wa akili. Huko akafungwa mikanda kitandani na kupewa dawa za kumtuliza. Kesho yake ikajulikana kwamba hakuwa mgonjwa. Jina lake Anna Odell, mwanafunzi wa chuo cha sanaa cha Konstfack, na yote yale yalikuwa sehemu ya kazi yake ya kuhitimu.

Wasweden walikasirika, na si kidogo. Madaktari walilalamika kwamba amekula muda wa wagonjwa wa kweli. Mwaka huohuo mahakama ikamtia hatiani, ikampiga faini ya krona 2,500. Magazeti yakabishana: hii ni sanaa au si sanaa? Hilo tuwaachie wao. Sisi watu wa maabara na madodoso tuna swali letu: kama lile lilikuwa jaribio, liligundua nini?

Ukilisoma kama mhakiki wa jarida, kazi hiyo unairudisha siku hiyohiyo. Sampuli ni mtu mmoja. Kundi la kulinganisha hakuna. Kibaya zaidi, wauguzi, polisi na wapita njia hawakuombwa ridhaa. Peleka pendekezo kama hilo kwenye kamati yoyote ya maadili ya utafiti uone kama utamaliza dakika tano.

Tena, wazo lenyewe halikuwa jipya. Mwaka 1973 mwanasaikolojia Mmarekani David Rosenhan alichapisha katika jarida la Science habari za watu wanane wazima, yeye akiwemo, waliojifanya wanasikia sauti, wakalazwa katika hospitali za akili. Makala ile ilitikisa taaluma nzima ya tiba ya akili. Lakini mwaka 2019 mwandishi Susannah Cahalan alitoa kitabu kinachoonyesha kwamba taarifa za Rosenhan zina mapengo makubwa, na wengi wa wale wanane hakuweza hata kuwapata. Yaani ile iliyoitwa sayansi nayo imeanza kuyumba.

Sasa hapa ndipo Odell anapomzidi Rosenhan. Mwaka 1995 yeye mwenyewe aliugua saikosisi, ile hali ya akili kukatikiwa na uhalisia. Hakuigiza kitu alichosoma kitabuni. Alirudia siku aliyoiishi. Basi tunaye mtu mmoja, mara mbili: mara ya kwanza anaumwa kweli, mara ya pili anaigiza. Na tofauti kubwa iliyoonekana haikuwa wodini. Ilikuwa nje. Alipokuwa mgonjwa, hakuna taifa lililokaa kujadili alivyotendewa. Alipokuwa mzima anayedanganya, nchi nzima ikabishana. Neno la mgonjwa halikuwa na uzito, neno la msanii likawa nao. Kwangu mimi hilo ndilo tokeo la jaribio lake, na hospitali peke yake isingeweza kulitoa.

Hata jina la kazi linasema hivyo. Aliiita "Okänd, kvinna 2009-349701", yaani "Mwanamke asiyejulikana", likifuatiwa na namba. Ukiingia mlango ule, unakuwa namba.

Je, tokeo hilo linahalalisha uongo? Nasema hapana. Muuguzi wa zamu hakuwa mfumo. Alikuwa mtu kazini, na yeye ndiye aliyebeba gharama. Anayetaka kuchunguza mamlaka asianze kwa kumtumia mfanyakazi asiye na nafasi ya kukataa.

Nadhani kazi zake za baadaye zinaonyesha kwamba njia ingine ilikuwepo. Mwaka 2013 alitoa filamu yake ya kwanza ndefu, "Återträffen", maana yake "Kukutana Tena". Wanafunzi aliosoma nao, wale waliomwonea utotoni, walifanya sherehe ya kukutana baada ya miaka 20, yeye hawakumwalika. Nusu ya kwanza ya filamu anaigiza kwamba alikwenda, na anawaambia usoni. Nusu ya pili anawatafuta ili awaonyeshe filamu hiyo, huku waigizaji wakishika nafasi zao. Hapo mtu anaweza kukataa, anaweza kuahirisha, anaweza kuangalia pembeni, na kila jibu, hata kukwepa, ni data. Sura za watu halisi zimehifadhiwa, madaraka yanaonekana vilevile. Ilishinda tuzo ya Guldbagge ya filamu bora ya Sweden, na kwa maoni yangu ilistahili.

"X&Y" ya mwaka 2018 haikunigusa hivyo. Odell na mwigizaji maarufu Mikael Persbrandt wanafungiwa studioni pamoja na waigizaji wanaocheza sura mbalimbali za nafsi zao. Ridhaa ipo tele, tatizo ni kwamba hakuna aliye na nguvu juu ya mwenzake kiasi cha kutufanya tuogope. Ni kioo kinachotazama kioo.

Kwa hiyo usipime kazi ya Odell kwa ukubwa wa kelele zake. Pima kwa maswali mawili: nani ana nguvu hapa, na nani aliweza kusema hapana? Darajani la kwanza alilijibu vizuri, la pili alilikwepa. Katika "Återträffen" ameyajibu yote mawili. Ukipata nafasi ya kuona kazi yake moja tu, ona hiyo.