Muziki wa Arusi na Kumbukumbu Zake

Wimbo wa vugo uimbwao na wanawake wa Lamu au Mombasa siku za arusi haumtatizi mtu. Umetungwa kwa ajili ya arusi. Waimbaji waijua saa yake, na wasikilizaji waijua maana yake. Sivyo ulivyo muziki wa klasiki wa Ulaya, ambao hupigwa kwa kinanda katika arusi za kanisani, Dar es Salaam na Nairobi kama ilivyo London. Sehemu kubwa ya muziki huo ilitungwa kwa kazi nyingine: jukwaa la michezo, baraza la wafalme, au ukumbi wa watu waliolipa kiingilio. Arusi imeuazima tu. Na kitu cha kuazima hakiji peke yake. Huja na habari za nyumba kilikotoka. Kwa hiyo kuchagua muziki wa arusi si jambo la kupenda na kutopenda tu. Ni kazi ya uhakiki, na bwana na bibi arusi huifanya, watake wasitake.

Hapana mfano ulio wazi kuliko wimbo wa arusi wa Richard Wagner, ambao mabibi arusi wengi huingia nao kanisani. Wimbo huo umo katika opera iitwayo Lohengrin, iliyochezwa mara ya kwanza mjini Weimar tarehe 28 Agosti 1850, Franz Liszt akiwaongoza wapigaji, na mtungaji mwenyewe akiwa uhamishoni Uswisi kwa sababu ya maasi ya Dresden ya mwaka 1849. Katika hadithi hiyo shujaa asiyejulikana aja kwa mashua ivutwayo na bata maji, kisha amwoa Elsa kwa sharti moja: asimwulize kamwe jina lake wala asili yake. Wimbo waimbwa mwanzoni mwa sehemu ya tatu, na hauimbwi kanisani. Waimbwa wakati maarusi wanaposindikizwa chumbani, ndoa ikiwa imekwisha kufungwa. Kabla hawajaachana na chumba hicho Elsa amekwisha kuuliza swali alilokatazwa, na damu imemwagika. Mwisho wa hadithi mume aenda zake, na mke aanguka hana uhai. Wimbo unaotumika leo kumwingiza bibi arusi mbele ya madhabahu ulitungwa, basi, ili kuifungulia mlango ndoa isiyomaliza hata usiku mmoja.

Muziki wa kutokea kanisani una habari tofauti. Felix Mendelssohn alitunga ufunguzi wa tamthilia ya Shakespeare ya ndoto ya usiku wa kiangazi mwaka 1826, naye ana umri wa miaka 17. Muziki uliobaki, pamoja na maandamano ya arusi, aliutunga mwaka 1842, ukapigwa Potsdam mwaka uliofuata. Maandamano hayo yamewekwa kati ya sehemu ya nne na ya tano, baada ya usiku wa mizungu msituni ambamo malkia wa pepo alimpenda fundi mwenye kichwa cha punda. Ni mchezo wa kuchekesha, lakini wapendanao waliopoteana hupatana, na arusi tatu hufungwa kwa pamoja. Muziki wenyewe wafuata njia hiyo hiyo. Kwanza tarumbeta zalia kwa sauti za nyumbani. Kisha kundi zima laingia ghafula kwa mwafaka wa mbali, kama watu waliokwisha potea, na hatua kwa hatua larudi nyumbani kwa shangwe. Hapo asili na matumizi vyakubaliana. Binti mkubwa wa Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa na Frederick wa Prussia tarehe 25 Januari 1858, muziki huo ulipigwa, na tangu siku hiyo desturi ikaenea.

Basi arusi moja huingia kwa Wagner na kutoka kwa Mendelssohn, na wachache hujua ni watu gani waliowekwa bega kwa bega. Mwaka ule ule wa 1850 Wagner alitoa, kwa jina la uongo, makala ya kuwatweza Wayahudi katika muziki. Na miongoni mwa waliotwezwa alikuwamo Mendelssohn, aliyekuwa amekufa mwaka 1847. Mendelssohn alibatizwa utotoni, lakini alikuwa mjukuu wa Moses Mendelssohn, mwanafalsafa wa Kiyahudi. Makala hiyo ilitolewa tena mwaka 1869, safari hii kwa jina la mwandishi mwenyewe. Mwaka 1936, chini ya utawala wa Wanazi, sanamu ya Mendelssohn iliondolewa mjini Leipzig. Wayahudi wengi hawaukubali wimbo wa Wagner katika arusi zao, na sababu yao haina haja ya kuelezwa zaidi.

Je, asili ya muziki ndiyo iamue? Wako wanaosema ndiyo, na kwamba wimbo wa Elsa ni nuksi. Hao wakifuata hoja yao mpaka mwisho, itawabidi wamkatae na Mendelssohn kwa sababu ya kichwa cha punda. Wako pia wanaosema kwamba sauti ni sauti tu, na kwamba wimbo ukipendeza basi. Hao wameusahau usemi wa wahenga: usione vyaelea, vimeundwa.

Njia iliyo sawa ni kutenganisha kumbukumbu za namna mbili. Habari za Elsa ni kumbukumbu ya kitabu. Nyayo za mabibi arusi wa zaidi ya karne moja zimepita juu yake na kuifuta. Mwanamke anayeusikia wimbo huo leo hamsikii Elsa, bali amkumbuka mama yake na bibi yake waliotangulia kuingia nao. Kwa namna fulani matumizi yameutunga wimbo mara ya pili. Lakini kumbukumbu ya watu waliotwezwa, na baadaye wakauawa, haiko kitabuni tu. Imo katika jamaa zao, na mazoea ya watu wengine hayana haki ya kuifuta. Ikiwa mgeni wa namna hiyo amealikwa, ameketi kitini, wimbo ule wasema naye neno ambalo wenye arusi hawakukusudia. Kwa hiyo wimbo mmoja waweza kufaa katika kanisa hili na usifae katika kanisa la pili. Mwenye karamu huwajua wageni wake, naye hawaandalii wote chakula kimoja bila kuuliza.

Neno la pili la kupimwa ni maneno, pale ambapo muziki huimbwa. Franz Schubert alitunga Ave Maria yake mwaka 1825 kwa shairi la Walter Scott lililofasiriwa kwa Kijerumani. Mwimbaji katika hadithi hiyo ni Ellen, msichana aliyekimbilia mafichoni, naye amwomba Bikira Maria himaya. Sala ya Kilatini iliyozoeleka ilipachikwa baadaye juu ya sauti hizo. Anayeuchagua wimbo huo na aamue ni maneno gani yaimbwe, kwa maana maneno hayafutwi na mazoea kama hadithi ya jukwaani. Kila yaimbwapo yasema yale yale. Ombi la mkimbizi si baya katika arusi, ila wenye arusi wajue kwamba ndilo wanaloomba.

Neno la tatu ni umbo, na hili husahauliwa kuliko yote. Njia ya katikati ya kanisa haina urefu mmoja, wala mwendo wa baba mzee si mwendo wa kijana. Kanoni ya Johann Pachelbel, aliyekufa mwaka 1706, ilikaa karibu kusahauliwa mpaka santuri ya kundi la Jean-François Paillard ya mwaka 1968 ilipoanza kuieneza. Sauti nane za chini zarudiwa humo mara 28 bila kubadilika, na juu yake fidla tatu zafuatana, moja ikisema iliyoyasema mwenzake. Mpigaji aweza kuikomesha mwishoni mwa duru yoyote bila kuijeruhi. Ndivyo ilivyo pia kwa muziki wa tarumbeta wa Jeremiah Clarke, mpiga kinanda wa kanisa la St Paul's, ambao kwa muda mrefu ulidhaniwa kuwa wa Henry Purcell. Sauti yake kuu hurudi mara kwa mara, na kila irudipo pana mahali pa kupumzika. Ulipigwa katika kanisa hilo hilo alipooa Charles mwaka 1981. Lakini tokata ya Charles-Marie Widor, ifungayo simfoni yake ya tano ya kinanda ya mwaka 1879, hupanda kama wimbi moja mpaka mwisho. Ikikatwa katikati ni kama hotuba iliyonyang'anywa neno la mwisho. Hiyo ni ya kutokea, milango ikiwa wazi na hakuna anayengojewa.

Kanisa nalo limesema. Papa Pius wa Kumi, katika waraka wa tarehe 22 Novemba 1903, alikataza muziki wa mtindo wa jukwaani ibadani, na piano pia. Hapo Wagner na Mendelssohn wote wawili walitiwa mashakani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, tarehe 4 Desemba 1963, uliipa heshima ogani lakini ukafungua mlango kwa ala nyingine, ukasema kwamba katika nchi za misheni muziki wa wenyeji upewe nafasi unayostahili. Tangu hapo ngoma na kayamba haziombi ruhusa ya kuingia kama wageni. Mwafrika wa Mashariki anayechagua leo ana uwanja mpana kuliko wazazi wa wazazi wake. Asiupokee muziki wa Ulaya kwa kuwa ni alama ya ukubwa, wala asiukatae kwa kuwa umetoka ng'ambo. Aupime wote kwa mizani moja: kumbukumbu, maneno, na umbo.

Mizani hiyo yakumbusha jambo moja lililo la msingi. Kiapo cha ndoa chenyewe hakina muziki. Kinanda hunyamaza, watu hunyamaza, na sauti mbili za watu wasio waimbaji husema maneno machache ambayo yatawafunga maisha yao yote. Muziki wote wa arusi hukiendea kiapo hicho au hutoka kwake. Ule unaowafanya watu wakisikie vizuri zaidi umechaguliwa vema, hata kama ni wa kawaida. Ule unaowafanya wakisahau umekosewa, hata kama umetungwa na bingwa.