Heko, Wachapishaji wa Kampala

Kampala haina bahari. Mtoto wa mtaa wa Luzira anayetaka hadithi ya safari ya majini hutosheka na Ziwa Victoria, Nalubaale kwa Waganda. Wa kumpa hadithi hiyo ni wachapishaji: mwaka 1988, miaka 2 baada ya waasi wa NRM kuutwaa mji, James Tumusiime alianzisha Fountain Publishers, kampuni inayotoa pia vitabu vya watoto. Vya kiada ndivyo vinavyolipa umeme, najua. Lakini heko hasa kwa wachoraji, wanaoibana hadithi katika kurasa chache. Karatasi ya mtamboni aghalabu hukunjwa ikatoa kurasa 16, hivyo, tuseme, panya na mbuzi wa hadithini wanaogombania kasia wawe wamepatana kabla ya ukurasa wa 16, au wa 32. Na mbuzi, jamani, achorwe anaogopa maji.