«Kifalme» moja kwa maneno matatu

Wanafunzi wetu wa Kiingereza wanatafsiri mbio: «kingly», ya kifalme, «royal», ya kifalme, «regal», tena ya kifalme. Na sisi walimu tunaweka alama nzuri, tunapita.

Lakini maneno haya hayakuzaliwa na mama mmoja. «Kingly» ni la Kiingereza chenyewe; «royal» lilitoka kwa Kifaransa, lugha ya wakubwa kisha Wanormandi kushinda Uingereza mwaka 1066; «regal» ni la Kilatini. La kwanza linapima tabia, la pili linaonyesha mali na ukoo wa mufalme, la tatu linatazama sura na mwendo. Kumbe mutu anaweza kuwa «royal» bila kuwa «kingly» hata kidogo!

Kwa «noble» shida inazidi. Wengi wanaandika «muungwana». Kule pwani neno hili lilitenga mutu huru na mutumwa. Kwetu Maniema lilifika katika karne ya 19, pamoja na misafara ya pembe na watumwa, na walioitwa wangwana walishika bunduki. Hata Kiswahili chetu kiliitwa Kingwana. Mjukuu wa aliyefungwa kamba asome hapo heshima gani? Hatusemi neno litupwe. Tunasema mwalimu asilipitishe kimya.

Waluba wanasema bulopwe: utakatifu wa ufalme unaopita katika damu. Hapo «royal» inakaribia kidogo; «kingly» hapana, maana tabia njema peke yake haimpi mutu bulopwe.